Mlima wako ni upi?

Nimepandisha wageni Kilimanjaro kwa miaka kumi na tisa sasa, na maswali ya siku ya kwanza pale geti la Marangu ni yaleyale. Juu kuna baridi kiasi gani? Vyoo vikoje? Nikiumwa kichwa itakuwaje? Mwezi wa pili mwaka 2023 nilipata mgeni aliyeniuliza jambo ambalo sikuwahi kuulizwa. Alikuwa mama mtu mzima, Mmaori kutoka New Zealand, amefuatana na binti yake. Tulikuwa bado msituni, hatujafika kibanda cha Mandara, mbega wakirukaruka juu ya vichwa vyetu. Mimi nilikuwa nimeshajitambulisha kwa jina. Akaniambia kwao mtu haanzi hivyo. Anaanza kwa kutaja mlima wake, kisha mto wake, kisha watu wake, na jina lake mwenyewe linakuja mwisho kabisa. Mlima wake yeye ni Taranaki.

"Na wewe, mlima wako ni upi?"

Nikamwonyesha kwa fimbo, juu, ambako wakati ule hakukuonekana kitu ila miti na ukungu. Nikasema ni huu tunaoupanda.

"Unaitwaje?"

"Kilimanjaro."

"Hilo nalijua, limeandikwa kwenye karatasi zangu za safari. Nyumbani kwenu mnauitaje?"

Nilitembea hatua nyingi kabla sijamjibu. Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakuwa na jina moja la mlima mzima. Alikuwa na Kibo, au Kipoo kama alivyotamka yeye, yule mwenye kichwa cheupe, na alikuwa na Kimawenze, yule aliyemeguka-meguka upande wa mashariki. Kwake hao walikuwa wawili, kila mmoja na habari zake. Kilimanjaro ni jina lililopanda kwetu na watu wa misafara ya pwani, na wataalamu wanabishana hadi leo limetokana na maneno gani. Tulilipokea, likawa letu, sina ugomvi nalo. Lakini Bibi alipotutuma kuanua maharage hakututajia Kilimanjaro. Alisema Kibo amejifunika, fanyeni haraka. Alitufundisha kwamba ukikutana na mzee njiani unampisha upande wa juu, upande wa Kibo, wewe unasimama upande wa bondeni. Alipofariki tulimlaza uso ukielekea huko.

Yote hayo nilimweleza yule mama, kwa Kiingereza changu cha kazi, na nilishangaa kuona kwamba katika miaka yote ya kuongoza watu sikuwahi kumweleza mgeni mwingine yeyote. Nilikuwa nawatajia urefu, mita 5,895, na idadi ya siku.

Usiku wa pili tulilala Horombo. Tukiwa kwenye chai na bisi nilimsimulia jinsi Mawenzi alivyokuwa mvivu wa kutunza moto. Ukimzimikia, anakwenda kwa Kibo kuomba kaa. Akaenda mara ya kwanza akapewa, akaenda ya pili akapewa, na ya tatu Kibo akachoka naye. Alikuwa anatwanga ndizi zake kavu, basi akamgeukia na mchi uleule, na ndiyo maana Mawenzi ana mapengo hadi leo. Mama yule akacheka mpaka akakohoa. Akasema Taranaki naye aliishi zamani katikati ya kisiwa chao pamoja na milima mingine, akapigana na Tongariro kwa sababu ya mlima mwanamke anayeitwa Pīhanga, akashindwa, akaondoka usiku kuelekea machweo. Alikopita ardhi ilichanika, na humo unapita mto Whanganui mpaka leo. Alipofika karibu na bahari akapumzika ubavuni mwa milima ya Pouākai, ndipo alipo.

Kisha akaniambia habari ya jina. Tangu usiku ule nimeifuatilia habari hiyo kwa kusoma kila nilichopata, usiku baada ya kazi, na ndiyo iliyonifanya nikae kuandika.

Januari 1770 nahodha James Cook, akiwa kwenye meli ya Endeavour, alipita pwani ile akauona mlima kwa mbali. Hakuukanyaga. Akauandika kwenye ramani yake kuwa Mount Egmont, kwa heshima ya bwana mkubwa mmoja wa Uingereza, John Perceval, Earl wa Egmont, aliyewahi kuongoza idara ya jeshi la majini. Bwana huyo hakuwahi kufika pande zile, na alifariki Desemba mwaka huohuo, Cook hajarudi hata nyumbani. Miaka miwili baada ya Cook akapita Mfaransa, Marion du Fresne, naye akautazama mlima uleule akauita Pic Mascarin, kwa jina la meli yake. La Mfaransa halikushika. Wafaransa hawakuichukua nchi ile, Waingereza waliichukua, basi jina lililoshika ni la mwenye bunduki. Huku chini, wenyewe waliendelea kusema Taranaki kana kwamba hakuna aliyepita.

Jina peke yake lingeweza kuvumilika. Mwaka 1860 vita vilianza Waitara, si mbali na mlima, kwa sababu ya ardhi ambayo Wamaori walikataa kuiuza. Mwaka 1863 bunge la walowezi likatunga sheria ya kuwanyang'anya ardhi wale walioitwa waasi, na mwaka 1865 eneo kubwa la Taranaki, ekari zaidi ya milioni moja, likachukuliwa, na mlima ndani yake. Nataka msomaji atulie hapa. Mlima ule ulichukuliwa kwa sheria. Kulikuwa na karatasi na mihuri na waungwana waliokaa wakapiga kura. Nilipolisoma hilo nilielewa kwa nini yule mama, pale Horombo, alikuwa akirudia neno moja: sheria. Hakutaka tangazo la waziri wala bango jipya kwenye geti la hifadhi. Kilichofungwa na bunge alitaka kifunguliwe na bunge.

Mwaka 1881 kulitokea mambo mawili chini ya mlima huo, na siwezi kuyatenganisha kichwani. La kwanza, serikali iliamua kuuhifadhi msitu wake kwa kuchora duara kwenye ramani, maili 6 kutoka kileleni kila upande. Duara hilo bado lipo. Ukitazama picha za setilaiti utaliona, msitu wa kijani kibichi uliokatwa sawasawa kama kwa bikari, na nje yake malisho ya ng'ombe hadi baharini. La pili ni Parihaka. Kijiji hicho kiko upande wa magharibi wa mlima, na viongozi wake wawili, Te Whiti o Rongomai na Tohu Kākahi, waliwakatalia walowezi bila kupigana. Walowezi wakipima barabara mashambani mwa kijiji, wanakijiji wanakwenda kulima palepale na kung'oa vigingi. Tarehe 5 Novemba 1881 askari karibu 1,600 waliingia Parihaka. Waliwakuta watoto njiani wakiimba, na mikate imeokwa kwa ajili yao. Hakuna aliyeinua mkono. Viongozi walikamatwa, wakafungwa bila kuhukumiwa, na nyumba zikabomolewa.

Mchagga akiisoma habari hiyo hahitaji kuelezwa sana. Sisi tuna Mangi (yaani chifu) Meli, aliyenyongwa na Wajerumani huko Old Moshi Machi 1900 pamoja na viongozi wengine.

Ulipofika mwaka 1978, bunge la New Zealand lilipitisha sheria ya kuurudisha mlima kwa Wamaori wa Taranaki, na papo hapo ukatolewa zawadi kwa taifa zima uendelee kuwa hifadhi. Ulirudi mkononi na kutoka mkononi, na hata sheria yenyewe iliyourudisha ilibeba jina la Egmont. Mwaka 1986 ikaamuliwa kwamba majina yote mawili ni halali, Taranaki au Egmont, kila mtu achague. Mama yule alikuwa msichana wakati huo. Anakumbuka darasani likitumika moja na jikoni kwa bibi yake likitumika jingine. Akaniambia, "Fikiria wewe unaitwa kwa jina lako, au kwa jina la mtu aliyekuibia, yoyote sawa." Mlima ukaishi na hilo neno "au" kwa miaka 39.

Usiku wa kupanda kileleni tuliondoka kibanda cha Kibo saa sita, polepole, kama kawaida. Jua lilitukuta Gilman's Point. Tukapita Stella Point, tukatembea ule ukingo wa kreta ambao haumalizi mtu haraka lakini humaliza pumzi. Bango la Uhuru lilipoonekana, binti akaharakisha, kisha akageuka kumtazama mama yake. Mama alikuwa amesimama. Hatua kumi hivi kutoka bangoni alikaa chini juu ya jiwe, akavua glavu, akaweka kiganja ardhini. Akaniambia kwao kilele ni kichwa cha babu, na mtu hakanyagi kichwa cha babu yake. Wageni wanaopanda Taranaki huombwa wasisimame juu ya kilele chenyewe. Akauliza kwa upole kama watu wetu wanaruhusu. Sikuwa na jibu. Pale bangoni palikuwa na foleni ya watu wakisubiri kupiga picha, wengine wamekaa juu ya mbao zake. Mimi mwenyewe nimesimama pale mara mia na zaidi. Binti akarudi akakaa karibu na mama yake, na wakaimba kitu kifupi, nikawapiga picha hapo walipokaa.

Tarehe 30 Januari 2025, alfajiri kwetu, simu ililia. Ujumbe wa maneno machache: "Imepita. Wote 123. Hakuna aliyekataa."

Bunge la New Zealand lilikuwa limeisoma sheria kwa mara ya tatu. Jina rasmi la mlima sasa ni Taranaki Maunga, na maunga ni mlima kwa Kimaori. Hifadhi ya Taifa ya Egmont, iliyoanzishwa mwaka 1900, sasa ni Te Papa-Kura-o-Taranaki. Kilele kidogo cha ubavuni, kilichobeba jina la Fanny Fantham, msichana wa Kizungu aliyekipanda 1887, kimerudi kuwa Panitahi. Lakini majina ni sehemu tu. Sheria imesema mlima ule na wenzake ni mtu mbele ya sheria, mwenye haki zake na wajibu wake, na mtu huyo anaitwa Te Kāhui Tupua. Hamilikiwi na serikali, wala na kabila, wala na kampuni. Kimeundwa chombo cha kusema kwa niaba yake, chenye watu wanane: wanne wametoka kwa makabila ya Taranaki na wanne wanateuliwa na waziri anayehusika na uhifadhi. Na ndani ya sheria hiyo serikali imekiri kwamba unyang'anyi ule ulikuwa dhuluma, ikaomba radhi. Watu bado wanaruhusiwa kupanda.

Haikuwa mara ya kwanza kwa nchi ile. Msitu wa Te Urewera ulipewa utu wa kisheria mwaka 2014 na mto Whanganui mwaka 2017, mto uleule uliochimbwa na Taranaki alipokuwa akiondoka kwa huzuni. Nilipenda kwamba mto ulitangulia na mlima ukafuata, kama vile sheria imesoma hadithi kuanzia mwisho.

Wamo watakaouliza ina maana gani, jina halilishi mtu. Nimeulizwa hivyo na vijana wenzangu wa mlimani, na ni swali la haki kwa mtu anayebeba kilo 20 kichwani kwa ujira mdogo. Katika makubaliano hayo ya pamoja ya mlima hakukuwa na fedha. Makabila yale nane yalikaa miaka mingi mezani kwa ajili ya mlima wenyewe. Mimi nawaona kama watu waliojua wanachokidai.

Siku kumi tu kabla ya alfajiri ile, tarehe 20 Januari 2025, mlima mwingine ulipoteza jina. Denali, mita 6,190, mrefu kuliko yote Marekani ya Kaskazini. Wakoyukon, wenyeji wa Alaska, wanauita hivyo kwa maana ya ule mrefu, ulio juu. Mwaka 1896 mtafuta dhahabu mmoja, William Dickey, akauita McKinley kwa sababu alimpenda mgombea urais wa wakati huo. McKinley hakufika Alaska maisha yake yote. Mwaka 1917 jina lake likaingia kwenye sheria iliyoanzisha hifadhi ya taifa, likapata mizizi.

Watu wa Alaska hawakukaa kimya. Mwaka 1975 jimbo lenyewe lilirudi kwenye Denali na kuiomba serikali kuu ifanye hivyo pia. Kilichofuata ni somo la jinsi jina linavyoweza kuzuiwa bila hata kupigiwa kura. McKinley alikuwa mtu wa Ohio, na mbunge mmoja wa Ohio, Ralph Regula, aligundua kwamba bodi ya majina ya kijiografia ya Marekani haishughulikii jina ambalo muswada wake uko bungeni. Basi akawa anapeleka muswada. Haukuhitaji kupita. Ulihitaji kuwepo tu, bunge hadi bunge, na bodi ikanyamaza kwa miongo. Mwaka 1980 sheria kubwa ya ardhi za Alaska ikaipa hifadhi jina la Denali, lakini mlima ukabaki McKinley ndani ya hifadhi ya Denali. Mwaka 2015 serikali ya Obama ikaamua kwa mamlaka yake ya kiutawala kwamba mlima nao uitwe Denali. Na mwaka 2025 rais mwingine, siku ya kwanza ofisini, akatia saini amri ya kuurudisha kwenye McKinley.

Hifadhi hakuweza kuigusa. Iliitwa Denali na bunge, kwa hiyo bado ni Denali. Mlima uliitwa Denali na kalamu ya waziri, kalamu nyingine ikafuta. Simaanishi kwamba bunge haliwezi kugeuka, linaweza. Lakini kumgeuza mmoja na kuwageuza 123 waliosimama pamoja mbele ya watu walioimba kwenye roshani ya bunge ni kazi mbili tofauti. Na wenyeji wa Alaska hawakusubiri kalamu yoyote. Kinywani mwao mlima haujawahi kubadilika.

Kwetu kuna mmea unaoitwa isale. Ukitembea Marangu, Mamba, Kilema, utauona kila mahali, majani marefu ya kijani. Unapandwa mpakani, kati ya kihamba (shamba la ukoo) na kihamba, na aking'oa mtu isale la jirani yake ameanza ugomvi wa vizazi. Unapandwa pia kwenye makaburi. Na ukimkosea mtu kosa zito, unakwenda kwake na jani la isale mkononi. Ukishalitoa, yule aliyekosewa hawezi kukufukuza hivihivi. Akikataa kukusikiliza kosa linaanza kuhamia kwake. Mpaka, kaburi na msamaha, vyote kwenye jani moja.

Niliposoma habari za sheria ya Taranaki niliona isale. Imetaja nini kilikuwa cha nani. Imewataja waliofariki. Imeomba radhi. Halafu ndipo jina likatajwa. Na nadhani huo ndio mpangilio ambao mara nyingi tunaukosea tunapobadilisha majina: tunaanza na bango.

Sisi tulibadilisha mapema, tena kwa fahari. Hans Meyer alipofika kileleni Oktoba 1889 na Ludwig Purtscheller alipaita kilele cha Kaiser Wilhelm. Akachukua na jiwe la juu kabisa, kipande chake akampa Kaiser, kikawekwa kwenye ukumbi wa kasri huko Potsdam. Usiku wa uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na mwenge pale, na tangu hapo panaitwa Uhuru. Kila nikifika na mgeni namweleza hilo na bado nywele zinanisisimka. Vibanda navyo vilibadilishwa. Mandara kiliitwa Bismarck, na Horombo, ambako mimi na yule mama tulikunywa chai, kiliitwa Peters, kwa jina la Carl Peters, mtu ambaye ukatili wake hapahapa Kilimanjaro, mpaka kunyonga watu wa nyumbani mwake mwenyewe, ulimfukuzisha kazi huko kwao Ujerumani mwaka 1897. Leo kinaitwa kwa jina la Mangi Horombo wa Keni. Na Mandara ni Mangi Rindi wa Moshi, baba yake Meli. Wapagazi wengi hawajui kwamba wanalala ndani ya jina la baba wa mtu aliyenyongwa. Sasa kila nikilala pale nawaeleza.

Lakini Uhuru si jina lililorudishwa. Ni jina jipya, zuri, letu, la taifa zima. Na ukitoka vibandani hadi kufika hapo, majina yaliyobaki ni ya wageni. Gilman's Point ni Clement Gillman, mhandisi wa reli, na bango limempunguzia hata herufi moja. Stella Point ni mke wa daktari Latham, aliyefika pale na mumewe mwaka 1925. Kreta ni Reusch, mchungaji. Barafu ni Rebmann na Ratzel. Kilele cha juu cha Mawenzi ni Hans Meyer. Sina neno baya juu ya mama Stella. Alipanda kwa miguu yake, na wakati ule hakukuwa na njia iliyochongwa. Ila alikuwa pale asubuhi moja, na watu walioutazama ukingo ule kila asubuhi kwa karne nyingi hawana hata jiwe.

Afrika Mashariki si wageni wa jambo hili. Kenya iliondoa jina la mwana wa mfalme wa Austria, Rudolf, ziwa likawa Turkana mwaka 1975. Maporomoko ya Thomson yakabaki na jina hilo, ila mji wake ukaitwa Nyahururu. Liko ziwa moja kubwa ambalo bado tunaliita kwa jina alilolipa Speke mwaka 1858 kwa ajili ya malkia wake, na kila mwambao una jina lake: Nalubaale kwa Waganda, Lolwe kwa Wajaluo, Nyanza kwa wengi wetu. Hapo itabidi mabunge matatu yakubaliane, na mkataba wa jumuiya urekebishwe, na taasisi zinazobeba jina hilo zibadilike. Ningependa kuiona siku hiyo. Ningependa zaidi kama wavuvi wa pande zote tatu wataulizwa kwanza.

Kwa mlima wangu, ninalotaka ni hili, na nalisema waziwazi: sheria itungwe Dodoma, si waraka, itakayoagiza majina ya asili ya mlima yakusanywe kijiji kwa kijiji kuanzia Siha hadi Rombo, yaandikwe, na yale yaliyothibitishwa na wazee yawekwe kwenye ramani rasmi na kwenye mabango, pamoja na maelezo ya jinsi yalivyoondolewa. Majina ya akina Gillman yabaki kwenye kumbukumbu, kwa sababu nayo ni historia.

Nilipoanza kulisema hili kwa watu, mzee mmoja wa kanisani aliniuliza, "Hayo majina unayo?" Nikanyamaza. Taranaki lilirudi kwa sababu kulikuwa na bibi jikoni aliyekataa kulisahau. Bunge lilikuta jina lipo. Likija kwetu leo litakuta nini?

Kwa hiyo nilinunua daftari, na msimu wa wageni ulipopungua nilikwenda kwa Baba Mkubwa, kaka yake marehemu baba, ambaye alichunga mbuzi mpaka juu ya msitu kabla ya mimi kuzaliwa. Ana miaka themanini na nane na macho yake yamepungua. Nilimwamkia, nikakaa, nikamweleza shida yangu. Alishangaa kwamba nimechelewa kiasi hicho kuuliza, akasema hivyo bila kuficha. Akaanza na mifongo, ile mifereji ya maji, nani aliuchimba upi. Akaenda kwenye mapango, lile walilolala wachungaji, lile ambalo watoto hawakuruhusiwa kukaribia. Akapanda hadi kwenye mito, akiitaja kwa mpangilio kutoka upande wa Mamba, kidole kikichora hewani. Sitayaandika hapa majina hayo, maana ameniomba kwanza niwaulize wazee wa koo za jirani, yasije yakawa ni ya kwao pia na wao wanayatamka vingine.

Mito mitatu aliitaja bila kusita. Wa nne alikwama. Alifumba macho, akataja jina, akalikataa mwenyewe, akataja jingine, akalikataa. Nilimwambia tuuache. Akanishika mkono. Akasema wakati huu mto umekauka, hausikiki, nirudi mvua za masika zikianza nimpeleke mpaka ukingoni; akiusikia unavyolia atalikumbuka. Mvua zinatarajiwa mwezi wa tatu. Nimeshamwomba bosi wangu anipe siku mbili.